Kutoka Miembeni hadi Gahanga

Ukiwa Miembeni, mjini Bukoba, uwanja wa karibu zaidi ambako timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania imecheza kriketi hauko Tanzania. Uko Uganda, kwa kupitia Mutukula, au uko Gahanga, Kigali, kwa kushika barabara ya Muleba, Biharamulo na Lusahunga hadi daraja la Rusumo. Dar es Salaam, penye viwanja vya Gymkhana na Annadil Burhani, ni mbali kuliko huko kote. Hapa Bukoba uwanja ni Kaitaba, na Kaitaba ni soka. Lakini wasichana wetu wanacheza rede: wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, na wa katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kuusoma mpira ungali hewani, kujua utaangukia wapi kabla haujafika, ndiyo kazi ya mpiga kriketi pia.

Ziara za kimataifa za wanawake zilianza kwa meli. Mwaka 1934 Waingereza, chini ya nahodha Betty Archdale, walisafiri hadi Australia, wachezaji wakijilipia nauli. Tarehe 28 Desemba ilianza Brisbane Testi ya kwanza ya wanawake duniani, ile mechi ya siku kadhaa ambamo kila timu hupata nafasi mbili za kupiga. Myrtle Maclagan aliwatoa wapigaji saba kwa mikimbio 10 tu, Australia wakaishia 47. Februari 1935 wageni hao walivuka hadi Christchurch. New Zealand walitolewa wote kwa mikimbio 44. Waingereza walijibu kwa 503, Betty Snowball peke yake akiwa na 189, wakashinda bila kuhitaji kupiga mara ya pili.

Naomba msomaji aishike hiyo 44, nitairudia.

Baada ya hapo mchezo ulizidi kufupishwa, na mara nyingi wanawake ndio waliotangulia. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilikuwa lao, Uingereza, 1973, miaka miwili kabla ya la wanaume. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya mizunguko 20, kila mzunguko ukiwa na mipira sita, nayo ilikuwa yao: Uingereza na New Zealand, mjini Hove, tarehe 5 Agosti 2004. Kisha mwaka 2013 Uingereza na Australia wakaunganisha aina zote katika ziara moja: Testi moja, mechi tatu za mizunguko 50 na tatu za mizunguko 20, pointi zikijumlishwa kumpata bingwa mmoja. Waingereza walishinda 12 kwa 4. Mwanzoni mwa 2025 Australia walizoa pointi zote 16. Mimi naupenda mpango huo kwa sababu unampima mchezaji mzima: subira yake siku ya tatu chini ya jua, na ujasiri wake mipira michache ya mwisho.

Wanawake wa Afrika Mashariki hawajafunguliwa mlango huo. Si kwamba hawakuwahi kuonja mchezo mrefu. Desemba 2006, Nairobi, Tanzania, Kenya, Uganda na Zimbabwe walishindania nafasi ya kuelekea Kombe la Dunia la mizunguko 50, na Zimbabwe ndio waliosonga mbele. Baadaye mizunguko 20 ndiyo iliyotawala. Inamalizika kwa saa tatu hivi, mechi mbili hadi tatu zinaweza kuchezwa uwanja mmoja kwa siku, na chama kisicho na fedha kinaweza kuandaa mashindano mazima ndani ya wiki moja. Tangu tarehe 1 Julai 2018 Baraza la Kriketi la Kimataifa limeyapa mapambano ya mizunguko 20 kati ya nchi wanachama hadhi rasmi ya kimataifa kwa wanawake. Hadhi ya mizunguko 50, barani Afrika, wanayo Afrika Kusini na Zimbabwe tu.

Mashindano yaliyowalea zaidi wachezaji wetu yako ng'ambo ya mto, nchini Rwanda. Yanaitwa Kwibuka, neno la Kinyarwanda la kukumbuka, na yalianza 2014 kuwaenzi waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1994 Mto Kagera, ambao mkoa wetu umechukua jina lake, ulibeba miili hadi Ziwa Victoria, na maelfu walizikwa ufukweni upande wa Uganda, Kasensero na Ggolo. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi takriban 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Kriketi yenyewe ilipelekwa Rwanda na waliorejea kutoka uhamishoni, Uganda na kwingine, wakiujua mchezo huo. Uwanja wao wa mwanzo, Kicukiro, ulikuwa kwenye shule ambako watu zaidi ya 2,000 waliachwa bila ulinzi askari wa Umoja wa Mataifa walipoondoka. Gahanga ulifunguliwa Oktoba 2017, na kabla yake nahodha wa wanaume, Eric Dusingizimana, alipiga mipira kwa saa 51 mfululizo ili kuchangisha fedha za kuujenga.

Juni 2019 walifika hapo wasichana wa Mali kucheza Kwibuka. Rwanda wakawatoa wote kwa mikimbio sita. Siku mbili baadaye Uganda walipiga 314 dhidi yao. Habari zilizunguka dunia na wengi walicheka. Inaniuma mpaka leo, maana timu iliyosafiri kutoka Bamako ili ijifunze haikustahili kicheko. New Zealand wa 1935, wenye 44 yao, waliendelea kutembelewa na kutembelea wengine. Mwaka 2000 wakachukua Kombe la Dunia, na Oktoba 2024 lile la mizunguko 20. Timu hukuzwa na mwaliko unaorudi baada ya kipigo.

Kombe la Kwibuka mwaka huo wa 2019 lilikuja Tanzania, na 2022 likaja tena. Katika safari ile ya kwanza, dhidi ya Mali, Fatuma Kibasu alifikisha mikimbio 108. Mechi ya mizunguko 20 ina mipira 120 tu kwa kila timu. Ya mizunguko 50 ina 300. Kibasu aliishia 108 bila mtu kumtoa. Mipira ndiyo iliyokwisha.