Kinyume cha Namba Changamano: Kutoka Cardano hadi Kisangani

Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963 kikiitwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo, hufundisha kwa Kifaransa, ijapokuwa mjini Kiswahili na Lingala ndizo lugha za soko. Mwanafunzi wa huko hukutana na namba mwenza kwa jina la *conjugué*, neno alilokwisha kulizoea katika somo la vitenzi.

Jina hilo alilitumia Cauchy mwaka 1821. Jambo lenyewe lilitangulia. Mwaka 1545 Cardano, akitafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 10 na zao lake ni 40, alipata 5+√−15 na 5−√−15, kisha akaiona hesabu hiyo kuwa ya kijanja isiyo na faida. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Ikiwa zao ni 40, basi 1 ikigawanywa kwa namba ya kwanza hutoa ya pili iliyogawanywa kwa 40, na mzizi wa namba hasi hutoweka katika kigawanyo. Ndivyo ilivyo kwa kila a+bi isiyo sifuri: kinyume chake ni (a−bi)/(a²+b²). Kwa 3+4i, kinyume ni (3−4i)/25.

Asili ya neno la Cauchy ni Kilatini, nalo lahusu kufungwa nira moja. Mfasiri atakayefuata maana ya sarufi na kuandika “mnyambuliko” atampoteza msomaji. “Mwenza” laihifadhi nira, kwani namba hizo mbili hufanya kazi zikiwa pamoja tu.