Kuku wa uani: tundu, chakula na kideri

Kila nikitoka msikitini Ijumaa hakosi mtu wa kuniuliza habari za kuku, maana sauti ya majimbi wangu mtaa mzima waijua. Wengi wanaouliza wana ua mdogo, na wana shilingi chache wanazotaka zizae. Basi leo nayaandika yote pahala pamoja.

Nianze na msiba. Mwaka mmoja kaskazi ikivuma na Ramadhani iko mlangoni, nilikuwa na kuku 43. Nilinunua jimbi sokoni, kuchi mrefu wa kupendeza, nikamfungulia na wenzake jioni ile ile. Siku ya tano matembe walianza kujikunyata, mbawa zimelegea, kinyesi cha kijani. Wengine shingo ziliwapinda. Wiki mbili hazikwisha, nikabaki na kuku 6. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada ya madrasa ya binti yangu, na nguo za Idi mwaka ule tulinunua kwa deni.

Hicho ndicho kideri, wengine hukiita mdondo. Hakina dawa. Ukiona mtu akuuzia kidonge cha kukitibu, hiyo pesa mpe mkeo anunue nazi. Kuna chanjo tu, nayo ni rahisi: tone moja kwenye jicho. Kifaranga hupewa wiki ya kwanza, hurudiwa wiki ya tatu, halafu kila miezi 3. Chupa huwa ni ya kuku 50, 100 au zaidi, na ikishachanganywa hailali; lazima itumike kwa muda wa saa chache. Ndiyo maana mwenye kuku 10 huona ni hasara akaacha. Sisi tulikaa majirani watano, tukachanga, mmoja akaenda duka la dawa za mifugo na chupa ya chai iliyojaa barafu, na alfajiri tukazunguka nyumba kwa nyumba. Chanja wazima pekee. Chanjo haimwokoi kuku aliyekwisha kuugua.

Na kuku mgeni, hata awe zawadi ya mama mkwe, akae peke yake wiki mbili, mbali na wenzake, na chombo chake cha maji. Akifa kuku kwa maradhi, mchome au mzike chini sana. Ukimtupa jalalani, mbwa na kunguru watampeleka kwa jirani.

Tundu sasa. Hesabu kuku 4 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hivyo chumba cha mita 2 kwa 2 chatosha kuku 15 au 16. Huku kwetu joto huua kuku kuliko baridi, basi upande unaopokea upepo usiuzibe, weka waya. Usinunue ule waya wa matundu makubwa, kwani nguchiro na nyoka hupita. Ukiwa karibu na bahari, upake rangi, la sivyo chumvi itaula upesi. Paa la makuti lina ubaridi mzuri, lakini utitiri nao walipenda, kwa hivyo likague na ulibadilishe likichakaa. Mabati ukitumia, yainue juu au uyafunike kwa makuti. Ndani weka fito za kulalia na masanduku ya kutagia penye giza kidogo, na pembeni karai la mchanga na jivu wajiogeshee. Siafu wakiingia usiku, vifaranga hawafiki asubuhi. Mwaga jivu kuzunguka tundu na ulikague kabla hujalala.

Vifaranga wa koo hulelewa na mama yao. Ukinunua wa siku moja, wataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze kidogo kidogo. Kipimo changu ni macho: wakirundikana wana baridi, wakitawanyika mdomo wazi wana joto. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa limeua vifaranga wengi kwa moshi wake usioonekana. Mimi hutumia taa ya umeme.

Koo mmoja mpe mayai 10 hadi 13, na siku ya 21 yataanguliwa. Siku ya saba yamulike kwa tochi ya simu gizani. Lisilo na mishipa litoe. Nikipata makoo watatu, huwaatamisha siku moja, kisha vifaranga wote nampa mmoja. Wenzake hurudi kutaga mapema.

Kuku mkubwa hula kama gramu 120 kwa siku. Akizurura hupata mengi mwenyewe, lakini mpe nyongeza jioni, hapo pia atajua nyumbani. Machicha ya nazi ni mazuri, ila ni ya siku hiyo hiyo. Yakilala huchacha, na peke yake hayatoshi. Dagaa humpa nguvu, lakini zile za chumvi epuka, chumvi nyingi humuua. Vivyo hivyo maji ya kisima yenye munyu: wakiharisha maji matupu, badilisha maji kwanza kabla hujatafuta dawa. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape eti kwa kuwa ni kuku tu. Sumu ile huharibu maini. Kwa wanaotaga, okota makome ufukweni, yaoshe, yaponde, wawekee kwenye kifuu wadonoe wenyewe. Ganda la yai utaliona limekaza.

Kuku wa kuzurura hudonoa kila kitu. Kabla ya kuchinja mimi humfungia siku tatu kwa chakula safi, kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu.

Mwezi huu chupa yetu ya chanjo ina nafasi ya kuku 30.