Wanafunzi wa Vyuo Vikuu katika Historia ya Istilahi: Shindano la Wikipedia ya Kiswahili, 2009–2010

Historia ya istilahi za Kiswahili kwa kawaida husimuliwa kupitia kamati. Huanzia Kamati ya Lugha iliyoundwa na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki mwaka 1930, ikapitia BAKITA ya 1967, hadi kamusi za TUKI, kama ile ya biolojia, fizikia na kemia ya 1990. Masimulizi hayo humwacha nje mwanafunzi wa chuo kikuu, ilhali ndiye anayezijaribu istilahi hizo kabla ya wengi. Makala hii inamrejesha kupitia tukio moja.

Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google ilitangaza shindano la kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Walengwa walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Zawadi zilijumuisha kompyuta na simu. Mamia ya makala yaliandikwa, mengi yakiwa tafsiri kutoka Kiingereza.

Kuyaita tafsiri si kuyabeza. Anayetafsiri makala ya ugonjwa au ya kompyuta, kamusi ikiwa kimya, hawezi kungoja kikao cha kamati. Atakopa, atafafanua au atanyambua. Uamuzi wake huhifadhiwa katika ukurasa wa historia wa makala husika: tarehe, saa, neno lililofutwa na lililowekwa mahali pake. Kumbukumbu za kamati ni nadra kutuonyesha neno lililoshindwa. Hapa lipo, pamoja na jina la aliyelifuta, ingawa mara nyingi ni la bandia.

Programu ya kusaidia tafsiri ambayo kampuni hiyo iliitoa mwaka 2009 ilifungwa mwaka 2019. Kurasa za historia zingali zinasomeka. Tofauti hiyo inaihusu sera moja kwa moja: kazi ya mwanafunzi iliyofungiwa ndani ya programu ya kampuni iko hatarini kutoweka nayo. Udhaifu mwingine, kwa maoni yangu mkubwa zaidi, ulikuwa katika umbo la shindano lenyewe. Zawadi zikishatolewa, mwanafunzi hana sababu ya kimasomo ya kurudi kusahihisha. Kazi hiyohiyo ikiwa sehemu ya kozi ya tafsiri au leksikografia, mhadhiri angeisoma na kuitolea alama.

Uganda, ambayo Baraza lake la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, inahitaji istilahi za mahakama, afya na kodi. Idara za Kiswahili za Kampala, Kigali na Bujumbura zinaweza kuanza na kozi moja kila moja, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, huko Zanzibar, izisome kurasa hizo kabla ya kuitisha warsha za usanifishaji.