Rutherfordini ya Milima ya Uluguru

Miongoni mwa madini yanayotambuliwa na wanasayansi, yale yanayounganisha urani na kaboneti ni kundi dogo, na mengi yao ni ukoko mwembamba unaoota kwenye kuta za migodi na kuyeyuka upesi unapofikiwa na maji. Rutherfordini, iliyo sahili kuliko zote kwa muundo wa kikemia, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 kutokana na mawe ya Milima ya Uluguru, Morogoro, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kaboneti ni chumvi ya asidi ya kaboni, na mawe ya chokaa ya pwani nayo ni kaboneti, ila ni ya kalisi. Urani katika madini ya jamii hii haikai peke yake, bali hushikana na atomi mbili za oksijeni, moja kila upande, katika mstari ulionyooka, na kikundi hicho cha atomi tatu huitwa uranili. Rutherfordini ni uranili moja kwa kaboneti moja, bila maji, bila kalisi, bila sodiamu, na usafi huo ndio ulioipa nafasi ambayo madini mengi mazuri zaidi kwa macho hayakuipata.

Uluguru haikuchimbwa kwa ajili ya urani. Kilichowavuta Wajerumani milimani mwanzoni mwa karne ya 20 ni ulanga, ile madini inayobanduka katika kurasa nyembamba zinazopitisha mwanga, isiyoungua kwa moto wa jiko na isiyopitisha umeme, ambayo viwanda vya Ulaya viliihitaji kwa vioo vya majiko na kwa mitambo ya umeme. Ulanga wa aina hiyo hupatikana katika pegmatiti, yaani miamba yenye fuwele kubwa iliyotokana na masalio ya mwisho ya mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Mwamba huo unapopoa, elementi za kawaida huganda kwanza, na zile zisizopata nafasi katika madini ya kawaida hubaki katika majimaji ya mwisho na kugandia humo. Urani ni mojawapo ya elementi hizo, na ndiyo maana mashimo ya ulanga ya Uluguru yalitoa pia vipande vyeusi vya uraniniti, oksidi ya urani, vyenye uzito usiolingana na udogo wake. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, kwa hiyo mawe yaliyochunguzwa Berlin mwaka uliotangulia yalikuwa yametoka milimani kabla ya garimoshi, katika siku ambazo mizigo ya bara ilishuka pwani kichwani na mabegani mwa wapagazi. Majina ya Waafrika waliochimba na kubeba hayakuingia katika maandishi ya madini, na hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa jicho la kwanza lililotenga jiwe zito la rangi ngeni na mawe mengine lilikuwa, kwa vyovyote vile, jicho la mchimbaji.

Mkemia aliyeyapokea mawe hayo ni Willy Marckwald wa Berlin, ambaye tayari alikuwa na jina katika utafiti wa unururifu, yaani tabia ya baadhi ya elementi kuvunjika zenyewe na kutoa mnururisho. Alichokiona kilikuwa na sehemu mbili: kiini cheusi cha uraniniti na, kukizunguka, gamba la manjano lililochukua umbo la fuwele nyeusi iliyotangulia. Hali hiyo, ya madini kuliwa polepole na kurithiwa umbo lake na madini mengine, ni ushahidi kwamba gamba halikuzaliwa pamoja na mwamba, bali lilitokea baadaye, pale hewa na maji yenye gesi ya kabonidioksaidi yalipopenya na kuibadilisha uraniniti. Gamba lilipotiwa asidi lilitoa povu la gesi hiyo, ishara ya kaboneti, na uchambuzi ukathibitisha kwamba karibu lote lilikuwa kaboneti ya uranili. Marckwald aliipa madini hiyo jina la Ernest Rutherford, mwanafizikia ambaye mwaka huo bado alikuwa akifundisha Montreal, Kanada, miaka miwili kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel.

Sifa zake zinafuata muundo wake. Kwa uzito, urani ni takriban asilimia 72 ya rutherfordini, na kwa sababu hiyo ni nzito sana kwa kaboneti, karibu mara mbili ya uzito wa chokaa yenye ukubwa uleule. Rangi yake huanzia nyeupe yenye umanjano hadi kahawia au machungwa, na mara nyingi huonekana kama unga ulioshikamana au nyuzi nyembamba, si fuwele za kupendeza. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani Christ, Clark na Evans walionyesha kwa miali ya eksirei kwamba atomi zake zimepangwa katika matabaka: urani na kaboneti hushikana katika tabaka moja bapa, huku atomi za oksijeni za uranili zikisimama juu na chini yake. Kwa kuwa kati ya tabaka na tabaka hakuna kifungo chenye nguvu, fuwele hupasuka kwa urahisi kufuata matabaka hayo.

Kiini cheusi nacho kilikuwa na kazi kubwa zaidi iliyokingoja. Mwaka 1913 Frederick Soddy alitoa hoja kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomi zenye uzani tofauti lakini tabia moja ya kikemia, akaziita isotopu. Ikiwa alisema kweli, risasi inayozaliwa urani inapovunjika ingepaswa kuwa nyepesi kuliko risasi ya kawaida, yenye uzani wa atomi wa karibu 207.2, na uzani wake ukaribie 206. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, mwanakemia wa kike wa Taasisi ya Radiamu ya Vienna, walianza na madini ya Joachimsthal huko Bohemia wakapata 206.73: tofauti ilionekana, lakini mishipa ya huko ilikuwa imechanganyika na risasi ya kawaida. Walipochukua fuwele za uraniniti kutoka Morogoro, zilizokuwa na umri mkubwa na karibu hazina risasi ngeni, walipata takriban 206.05, na madini ya Norwe ikawapa jibu lililokaribiana sana na hilo. Kazi ya kutenga na kusafisha risasi mara kwa mara, hadi tofauti ya sehemu ya mia ya kipimo iweze kuaminika, ilimwangukia hasa Horovitz, na ni haki jina lake litajwe kila Morogoro inapotajwa katika historia ya isotopu. Aliuawa Treblinka mwaka 1942.

Uainishaji wa kaboneti za urani ulichukua muda mrefu zaidi, na sehemu yake kubwa ilifanyika Katanga. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulitoa madini mapya ya urani kwa wingi usio na mfano. Mojawapo, sharpiti, kaboneti ya urani yenye kalisi, ilielezwa mwaka 1938 na kupewa jina la Robert Rich Sharp, aliyegundua urani ya mahali hapo mwaka 1915. Mwaka 1947 J. F. Vaes alitangaza madini sita mapya kutoka Shinkolobwe, zikiwamo mbili alizozidhania kuwa kaboneti. Ya kwanza, diderichiti, ilichunguzwa upya na Clifford Frondel na Robert Meyrowitz mwaka 1956, wakaonyesha kwamba haikuwa ila rutherfordini. Na kwa kuwa katika taaluma hii jina lililotangulia ndilo lenye haki, jina la Katanga likafutwa na lile la Uluguru likabaki. Ya pili, studtiti, haikuwa kaboneti hata kidogo, bali peroksidi ya urani yenye maji, jambo lililobainishwa na Kurt Walenta mwaka 1974. Makosa hayo yanaeleweka, kwani unga wa manjano hufanana na unga wa manjano, na bila miali ya eksirei hata mchambuzi hodari hupotea.

Utaratibu unaotumika leo hupanga kaboneti hizi kwa uwiano wa uranili na kaboneti. Katika kundi la moja kwa moja rutherfordini imesimama peke yake kama isiyo na maji, ikifuatwa na jolioti na blatoniti, ambazo zina maji ndani yake. Katika kundi la moja kwa tatu zimo liebigiti, iliyoelezwa mwaka 1848 kutoka Edirne, Uturuki, pamoja na andersoniti, bayleiti na swartziti za Arizona, ambazo huhitaji kalisi, magnesi au sodiamu ili kusawazisha chaji ya umeme na huyeyuka kwa wepesi kuliko jamaa yao wa Uluguru. Uwiano huo wa moja kwa tatu ndio pia unaoiwezesha urani kusafiri katika maji ya chini ya ardhi yenye kaboneti, yakaibeba mbali na mwamba wake na kuiacha pale yanapokauka au kukutana na vanadi, kama ilivyotokea katika mabonde ya Bahi na Manyoni, ambako urani haikai katika pegmatiti bali katika udongo na chokaa ya mbuga zilizo karibu na uso wa ardhi.