Barua Iliyokuwa Ikimngoja Msomi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, msimu wa mahafali ukifika hapa jijini Dar es Salaam huhitaji kuambiwa na mtu. Pita Barabara ya Sam Nujoma jioni ya siku hiyo utajionea mwenyewe. Daladala zimejaa akina mama waliovaa sare za vitenge, wapiga picha wanagombea wateja, na vijana wenye majoho wamevikwa mashada ya maua ya plastiki hadi shingo hazionekani.

Mwaka jana nami nilikuwamo katika msafara kama huo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alitunukiwa shahada yake ya kwanza. Tulikula pilau, tukanywa soda, wazee wakatoa nasaha, na spika za kukodi zikawakosesha usingizi majirani. Wageni walipoondoka nilimkuta kijana amekaa peke yake kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, joho amelikunja mapajani.

"Mjomba," akaniambia, "naiogopa Jumatatu."

Nikamwuliza Jumatatu ina nini.

"Haina kitu. Ndiyo maana naiogopa. Tangu nina miaka sita, kila Jumatatu nimekuwa najua pa kwenda."

Sasa hapa, ndugu msikilizaji, sina budi kukiri jambo. Kabla ya siku ile nilikuwa nimewahi kusema, katika mazungumzo haya haya, kwamba wahitimu wetu siku hizi wanachagua kazi. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua, ilhali mimi mwenyewe nina stashahada ya uandishi wa habari, na redioni niliingia kwa kumbebea mwenzangu kinasa sauti mpaka siku alipougua. Kijana alikuwa ameyasikia maneno yale. Kwa adabu yake hakunikumbusha. Nilijikumbusha mwenyewe, palepale kwenye ngazi.

Mapema mchana ule, mjomba wangu, ambaye kwa kijana ni babu, alikuwa amesimama na kuwaambia waalikwa kuwa wao walipomaliza Mlimani walikuwa na kazi kabla hawajavua joho. Watu wakapiga makofi. Mzee hakusema uongo. Mwaka 1972 alipokea barua ya serikali iliyomtaka aripoti Sumbawanga kuwa afisa mipango. Ilikuwa wakati wa madaraka mikoani, wasomi walipokuwa wakitawanywa kutoka makao makuu kwenda mikoani na wilayani. Barua hiyo anayo hadi leo katika sanduku la bati, ndani ya bahasha ya kaki. Ila mzee alisema nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayowaumiza vijana. Wao wanaamini kwamba waliotangulia walivuka mto huu bila kulowa.

Turudi nyuma kidogo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo kikuu chetu kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi ambao hata 15 hawakufika, tena katika jengo la TANU pale Lumumba. Mlimani kilihamia mwaka 1964. Mwaka huo huo ulianza Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, uliokusudia kwamba ifikapo 1980 nchi iwe inajitosheleza kwa wataalamu wake yenyewe. Kwa hiyo kila kiti cha darasani Mlimani kilikuwa kimehesabiwa na meza yake ofisini. Mwanachuo aliyesomeshwa kwa fedha za serikali alitia sahihi kwamba atakapomaliza atatumikia umma kwa miaka 5. Hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta yeye, tena ikimjua kwa jina na namba ya jalada.

Je, wanachuo wale walilala usingizi mnono? La hasha! Jumamosi ya Oktoba 22, 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2. Miezi ya mwanzo wangekaa kambini, kisha kwa miezi 18 wangefanya kazi zao za usomi wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Asilimia 60 ingebaki serikalini. Vijana wakaona wameonewa. Mabango yalikuwa makali, na mojawapo lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali.

Mwalimu aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawaka. Aliwaambia kwamba kama tatizo ni mishahara minono basi ataanza na wa kwake, na akaupunguza palepale kwa asilimia 20. Wanachuo wapatao 400 walirudishwa makwao. Wengi wao walikubaliwa kurudi chuoni mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na hewa ya nchi ilikuwa imekwisha kubadilika.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa kama kisa cha wasomi walafi waliotiwa adabu. Mimi nadhani ulafi ulikuwamo, lakini haukuwa peke yake. Wengi wa vijana wale walikuwa watoto wa wakulima, wa kwanza katika ukoo wao kufika mbali kiasi kile. Nyuma yao palikuwa na wadogo wa kusomeshwa, baba mwenye deni la dukani, na kijiji kizima kilichokuwa kinahesabu siku. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mshahara aliousubiri miaka 16 atapewa chini ya nusu yake, atashtuka. Mwalimu naye alikuwa na hoja isiyopingika, kwa sababu mkulima aliyelipia masomo yale hakuwa na asilimia 40 ya kitu chochote. Pande zote mbili zilikuwa zinamsema mkulima yule yule.

Mjomba wangu alinipa nusu ya pili ya habari yake siku nyingine, nilipomfuata kwake nikamwuliza waziwazi kama aliogopa. Alicheka kwanza. Kisha akasema: "Niliogopa sana. Sikuogopa njaa. Niliogopa kwamba maisha yangu yamekwisha kuandikwa na karani nisiyemjua." Alitaka kufundisha chuoni. Sumbawanga hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Alikwenda kwa waranti ya serikali, akakaa miaka 9, na watoto wake wawili wamezaliwa huko.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaleta hofu ya namna nyingine. Tangu hapo mtu hakutoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu. Ilimpasa kupitia JKT, afanye kazi walau miaka 2, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la Chama ndipo aombe nafasi. Nia ilikuwa kumfanya msomi aijue nchi kabla ya kuisomea. Lakini mtakumbuka bosi mwenye kisirani ni mtu wa namna gani, na kijana aliyemwudhi alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Wasichana waliumia zaidi, kwani wengi wakishaingia kazini na kuolewa hawakurudi tena kwenye vitabu. Haikupita miaka mingi sharti hilo likalegezwa kwa upande wao, na katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukaachwa.

Wakati huo barua ya kupangiwa kazi ilikuwa bado inakuja, ila thamani yake ilikuwa imeliwa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita dhidi ya Idi Amin ilikuwa imekula akiba, na mshahara wa mwenye shahada ukawa haufiki katikati ya mwezi. Waliokuwa watoto miaka hiyo, nami nikiwa mmojawapo, tunawakumbuka maafisa wa serikali waliofuga kuku uani na ambao wake zao waliuza maandazi na barafu. Tuliwaona ni watu wa kawaida tu. Kumbe walikuwa wahitimu wa kile chuo cha majoho.

Kisha barua yenyewe ikakoma. Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na miaka ya 1990 ndiyo iliyokuja na hesabu kamili. Wanafunzi na wazazi wakaanza kuchangia gharama za elimu ya juu. Makumi ya maelfu ya watumishi wa umma wakapunguzwa kazini, na mashirika ya umma yapatayo 400 yakawekwa kwenye orodha ya kurekebishwa, kuuzwa au kufungwa. Hata JKT ya mujibu wa sheria ilisimamishwa mwaka 1994, na haikurejeshwa hadi 2013. Sikumbuki kusikia siku iliyotangazwa rasmi kwamba kuanzia leo msomi atajitafutia mwenyewe. Mambo makubwa huwa hayatangazwi. Walimu ndio waliobaki wakipangiwa vituo moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko wengine, nao zamu yao ikafika katikati ya miaka ya 2010.

Na wakati meza za ofisini zinapungua, viti vya darasani viliongezeka. Vyuo vikuu vya binafsi vikafunguliwa kuanzia miaka ya 1990, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007. Hili ni jema, wala asinijie mtu na hoja kwamba wasomi wamezidi. Nchi yenye wagonjwa na madaktari wasio na kazi haina wasomi waliozidi. Ila mkono uliokuwa ukihesabu viti na meza kwa pamoja ulikuwa umeachia upande mmoja.

Juni 2014, wengi mtakumbuka, Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili. Nafasi zilikuwa 70. Walikuja zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyike Uwanja wa Taifa, na vijana wakaketi kwenye viti vya mashabiki wa mpira. Picha zile zilichekesha baadhi ya watu. Mimi zilinikumbusha viti visivyofika 15 vya pale Lumumba.

Lakini kisa ambacho hakinitoki kichwani ni cha Aprili 2021. Vijana 854 waliokuwa wakijitolea JKT walifukuzwa kambini. Kosa lao lilikuwa kuandamana wakitaka kwenda Ikulu kudai waandikishwe jeshini, kama walivyoamini wameahidiwa. Nidhamu ya kijeshi ni nidhamu ya kijeshi, sitaingia huko. Wala sisemi kwamba vijana wale walikuwa wahitimu wa vyuo vikuu. Nasema tu kwamba mwaka 1966 vijana waliandamana kwenda Ikulu kwa sababu hawakutaka kuingia JKT, na mwaka 2021 wengine wakataka kwenda Ikulu kwa sababu hawakutaka kuondoka JKT mikono mitupu. Kati ya matukio hayo ni miaka 55, na wote walirudishwa makwao.

Mpwa wangu nilipomsimulia habari ya asilimia 60 alikaa kimya akipiga hesabu. Yeye anadaiwa na Bodi ya Mikopo, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa kila mwezi. "Mjomba," akasema, "wangenikata hata hizo 60, ili mradi pawe na cha kukata." Sikuwa na jibu. Neno langu la kwamba vijana wanachagua kazi nalifuta leo, mbele ya kipaza sauti kile kile nilichokisemea.

Ile Jumatatu aliyoiogopa tuliimaliza pamoja. Niliomba ruhusa kazini, tukaenda kwa babu yake, na mzee akafungua sanduku la bati. Kijana aliisoma ile barua mara mbili. Ina aya tatu tu. Inataja cheo, kituo, kiwango cha mshahara na tarehe ya kuripoti, na mwisho mwandishi anajiita mtumishi wake mtiifu. Kijana akauliza kama kweli serikali ilikuwa ikimwandikia mtu hivyo. Mzee akamwambia ndivyo ilivyokuwa, lakini yeye alipoipokea aliitupa chini ya kitanda, akaiacha siku mbili bila kumwambia mtu. Hilo hata mimi nilikuwa silijui.

Kwa sasa kijana anaandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huko Tegeta, kwa posho inayotosha nauli na chakula cha mchana. Jioni anajaza maombi ya kazi kwenye simu. Wengi wa waajiri wanataka uzoefu wa miaka 3, naye ana miezi 6. Juzi alinipigia kuniambia ameitwa kwenye usaili Dodoma, nafasi ni 4. Nimempa nauli ya basi la alfajiri. Walioitwa ni wangapi hakunitajia, nami sikumwuliza.