Ujira Mdogo Nchini Uingereza
Katika nchi zilizoendelea, mfanyakazi wa muda wote huhesabiwa kuwa na ujira mdogo akipata chini ya theluthi mbili za mshahara wa kati. Uingereza ilianza kuudhibiti ujira huo mwaka 1909, kwa sheria ya mabodi ya mishahara katika kazi nne, ikiwemo ufuaji wa minyororo. Mwaka 1910 wanawake wafua minyororo wa Cradley Heath, waliopiga nyundo kutwa kwenye vibanda vya uani, waligoma wiki 10 wakiongozwa na mtetezi wa wafanyakazi Mary Macarthur, hadi waajiri wakakubali kiwango kipya cha bodi. Mabaraza yaliyorithi mabodi hayo yalifutwa mwaka 1993, isipokuwa ya kilimo, na wanyonge wakapoteza ngao yao. Aprili 1999 kilianza kima cha chini cha mshahara cha taifa: pauni 3.60 kwa saa. Tangu 2016 kimepandishwa kwa kasi, na ujira mdogo umepungua.