Kisima cha Watu Weusi

Lisbon ni mji wa kupanda na kushuka. Umekaa juu ya vilima kando ya mto Tejo, na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi ambavyo vikilowa mvua vinateleza kama sabuni. Nilikuwa peke yangu, na nauli yangu ilikuwa viatu. Historia niliisomea chuo nikaacha kabla ya kumaliza. Tangu hapo naisoma hivi, mtaa kwa mtaa.

Mkenya akifika huku, masikio ndiyo yanashtuka kwanza. Mkahawani unaonyeshwa “mesa” ya kukaa. Juu ya jengo la serikali inapepea “bandeira”. Mcheza karata anashika “cartas”, na leso ni “lenço”. Lakini neno lililonisimamisha ni “igreja”, yaani kanisa. Kwetu liligeuka gereza. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, wakawa na kanisa lao humo ndani. Baadaye Waingereza wakaifanya ngome hiyo jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Neno moja tu, na lina habari kuliko sura nzima ya kitabu cha shule.

Nikatembea hadi Belém, magharibi mwa jiji. Hapa ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga mwaka wa 1497, ametumwa na Mfalme Manuel wa Kwanza. Aprili 1498 alifika Mombasa, akakaribishwa vibaya, akasonga hadi Malindi, ambako alipewa nahodha wa kumvusha hadi India. Miaka saba baadaye Manuel alimtuma Francisco de Almeida na merikebu nyingi zaidi. Mwaka huo wa 1505 Kilwa ilitekwa, na Mombasa ikaporwa na kuchomwa moto.

Faida ya safari hizo unaweza kuigusa kwa mkono. Ni monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe yaliyochongwa kama kamba za meli na matawi ya baharini. Manuel aliijenga kwa kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Asia. Da Gama mwenyewe amelala mle ndani, kwenye kaburi zuri la mawe, na watalii wanapanga foleni kumpiga picha. Hata mimi nilipanga. Ni jengo zuri, siwezi kusema uongo.

Lakini kuna mtaa mwingine wa Manuel, na huko hakuna foleni. Unaitwa Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Kisima cha Watu Weusi, karibu na Bunge. Siku hizi una mikahawa na maduka ya nguo. Jina lake linahusishwa na amri ya mfalme huyo huyo ya mwaka wa 1515. Watumwa Waafrika walipokufa jijini, maiti zao zilikuwa zikitupwa ovyo, mbwa wakizila. Mfalme akaagiza kuchimbwe kisima kirefu watupwe humo, na mara kwa mara imwagwe chokaa ili miili ioze upesi. Wasiwasi wake ulikuwa harufu na magonjwa.

Basi weka mambo hayo mawili pamoja. Mtu mmoja, enzi moja, pesa za biashara moja. Aliyefungua njia akapewa kaburi la kuchongwa. Waliobebwa kwa njia hizo wakapewa chokaa. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia ati historia ni mambo yaliyopita. Jiji huchagua litunze nini na lifukie nini, na uchaguzi huo bado unaendelea.

Kuna wanaoubadilisha. Chama kimoja cha Waafrika wa Ureno kimekuwa kikiweka vibao mjini kuonyesha mahali Waafrika walipoishi, walipouzwa na walipozikwa. Kinaitwa Batoto Yetu. Huhitaji kutafsiriwa jina hilo.

Ukibahatika kufika Lisbon, usianzie Belém. Anzia Poço dos Negros, usimame hapo dakika chache. Kisha utembee kufuata mto hadi Jerónimos. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu, polepole, na utaifika ile monasteri ukijua nani aliilipia.